Vita Viwili vya Marekani na Uingereza



Mtu akisema kwamba Marekani ilipigana na Uingereza, hatuna budi kumwuliza, "Vita gani?" Maana vilikuwa viwili, na mara nyingi mambo ya vile vya pili hutiwa katika habari za vile vya kwanza. Wala si ajabu, kwa kuwa mfalme wa Uingereza alikuwa yule yule mara zote mbili, George wa Tatu, ingawa katika vita vya pili alikuwa mgonjwa na mwanawe ndiye aliyeshika madaraka.

Tuanze nyuma kidogo. Tangu 1754 hata 1763 Waingereza na watu wa makoloni yao walipigana bega kwa bega na Wafaransa huko Amerika, na George Washington, kijana wakati ule, alikuwa ofisa upande wa Mwingereza. Vita hivyo viliacha deni kubwa. Bunge la London likaona ni haki makoloni yasaidie kulilipa, likaweka kodi ya stempu mwaka wa 1765, kisha kodi nyingine, na ya chai miongoni mwake. Watu wakajibu kwamba hawana mjumbe hata mmoja katika Bunge lile, basi haliwezi kuwatoza kodi. Mwezi wa Desemba 1773 masanduku zaidi ya 300 ya chai yalitupwa baharini katika bandari ya Boston.

Damu ilimwagika Lexington tarehe 19 Aprili 1775. Makoloni 13 yakatangaza uhuru Julai 1776, Ufaransa ikaingia upande wao mwaka wa 1778, na Oktoba 1781 Jenerali Cornwallis alizingirwa Yorktown: nchi kavu na Washington pamoja na Wafaransa, baharini na manowari za Kifaransa. Akasalimu amri. Mkataba wa Paris wa 1783 ukaukubali uhuru huo.

Vita vya pili vilikuwa baina ya dola mbili huru. Uingereza, iliyokuwa ikipambana na Napoleon, ilipungukiwa na mabaharia. Manowari zake zikawa zikisimamisha merikebu za Kimarekani na kuwachukua mabaharia kwa nguvu, huku amri za London zikizuia biashara ya Marekani na Ulaya. Tena wako Wamarekani waliotamani ardhi ya wenyeji wa asili, na pengine Kanada pia; kwa maoni yangu sababu hii haitajwi ipasavyo. Rais James Madison akatia sahihi tangazo la vita tarehe 18 Juni 1812. Siku tano baadaye London ilizifuta zile amri za biashara! Lakini habari ilikwenda kwa merikebu ya matanga, na ilipofika, vita vimekwisha anza.

Mwezi wa Agosti 1814 askari wa Kiingereza waliuteka mji wa Washington, wakaichoma nyumba ya Rais na jengo la Bunge. Hapo pana alama nzuri ya kutofautisha, kwa kuwa mji huo haukuwapo kabisa katika vita vya kwanza. Mwezi uliofuata waliipiga mizinga ngome ya Baltimore usiku kucha, na Francis Scott Key, alipoiona bendera ingali juu, akatunga maneno yaliyofanywa wimbo wa taifa mwaka wa 1931. Wengi hudhani wimbo huo ni wa vita vya uhuru, sivyo.

Amani ilitiwa sahihi Ghent tarehe 24 Desemba 1814, na mipaka ikarudishwa kama ilivyokuwa. Hata hivyo tarehe 8 Januari 1815, kabla habari haijafika, Waingereza waliushambulia mji wa New Orleans, na takriban 2,000 kati yao walikufa, walijeruhiwa au walitekwa mbele ya jeshi la Andrew Jackson.

Wenyeji wa asili ndio waliopoteza zaidi. Kiongozi wao mashuhuri, Tecumseh, aliuawa Oktoba 1813, na mkataba haukuwapa nchi yao.

Wako na watumwa weusi. Katika vita vyote viwili Waingereza waliwaahidi uhuru wale watakaowakimbilia. Si kwa wema mtupu, maana wao wenyewe walikuwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Mwaka wa 1783 watu weusi kama 3,000 walipelekwa Nova Scotia, na mwaka wa 1792 kiasi cha 1,200 waliondoka huko wakavuka bahari kuja Sierra Leone, wakauanzisha mji wa Freetown. Waliokimbia katika vita vya pili, baadhi yao walivaa sare ya Mwingereza na kupigana, kisha wakapewa mashamba katika kisiwa cha Trinidad. Wajukuu wa wajukuu wao wangali huko, na jina lao hata leo ni Merikins.