Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji: Chakula, Virutubisho na Kupona kwa Kidonda

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa vikao vya akina mama, kliniki na mabaraza ya wananchi



Kujifungua kwa upasuaji si jambo geni tena. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba zaidi ya mtoto 1 kati ya kila 5 duniani huzaliwa kwa njia hiyo. Mama aliyepasuliwa huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache, na mwili wake unakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kutengeneza maziwa ya mtoto na kuponya kidonda.

Akifika nyumbani, dawa huanza kuingia mlangoni. Mama mkwe ameleta unga wa mlonge. Jirani ana asali iliyochanganywa na manjano. Kwenye simu kuna mchuuzi anayeahidi kwamba chupa moja ya vidonge vya asili itafunga kidonda kwa wiki moja. Wote hao, isipokuwa labda mchuuzi, wanamtakia mama mema. Lakini ni kipi hasa kinachosaidia?

Jibu ni hili. Chakula bora kinasaidia kila mama. Virutubisho vya nyongeza vinamsaidia yule aliyepungukiwa. Kidonda kilichoingiwa na vijidudu hakitibiwi na kimojawapo cha hivyo, bali hutibiwa hospitalini.

Kidonda hupona vipi?

Daktari anayempasua mama hapasui ngozi peke yake. Hupita kwenye mafuta, kwenye utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, hadi kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Ngozi ya juu huweza kufunga kwa siku chache, lakini tabaka za ndani huhitaji wiki 6 au zaidi kupata nguvu. Ndiyo sababu mama anayeonekana mzima hukatazwa kubeba mtungi wa maji au gunia la mahindi.

Ili kuunganisha tabaka hizo, mwili hutengeneza nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizo huhitaji protini kutoka kwenye chakula na vitamini C ya kuzikaza. Madini ya zinki husaidia kujenga chembechembe mpya, na madini ya chuma hutengeneza damu inayopeleka hewa safi kwenye kidonda.

Kuna jaribio moja la zamani linaloeleza jambo hili vizuri. Karibu mwaka wa 1940, John Crandon, daktari wa upasuaji huko Boston, Marekani, alijinyima vyakula vyote vyenye vitamini C kwa takribani miezi 6. Alipokatwa ngozi baada ya miezi 3, kidonda kilipona kama kawaida. Alipokatwa tena baada ya miezi 6, kidonda cha pili kilikataa kupona ndani kwa ndani. Alipopewa vitamini C, kikapona.

Funzo ni mawili. Upungufu mkubwa wa kirutubisho huzuia kidonda kupona, na kuujaza upungufu huo hukiponya. Lakini mama ambaye hajapungukiwa hataharakisha kupona kwa kumeza chupa nzima ya vidonge. Mwili ukishatosheka, vitamini C ya ziada hutoka na mkojo, pamoja na pesa zilizoinunua.

Duka la dawa la sokoni

Protini iko kwenye mayai, maziwa, samaki, omena, nyama, maharagwe, ndengu na pojo. Mama asiye na uwezo wa kununua nyama kila siku anaweza kula maharagwe au omena, na akapata kinachohitajika. Vitamini C iko kwenye machungwa, maembe na mapapai, na mapera ya kawaida huyashinda machungwa kwa wingi wa vitamini hiyo. Matunda yaliwe mabichi, kwa sababu moto hupunguza vitamini C. Madini ya chuma yako kwenye maini, nyama nyekundu, maharagwe na mboga za majani kama mchicha na terere.

Mama akila maharagwe na mboga, aongeze chungwa au ndimu, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya majani ikae mbali na mlo huo kwa saa moja au mbili, maana huyazuia.

Mama anayenyonyesha huhitaji kula zaidi hata ya alivyokula akiwa mjamzito, na anywe maji ya kutosha. Kumnyima chakula kigumu kwa siku nyingi kwa hofu ya kidonda ni kukinyima kidonda vifaa vya kujijenga.

Mila za kuendeleza na za kuacha

Uji wa pilipili manga, supu ya kuku na mboga ya mlonge vimewalisha wazazi wa pwani kwa vizazi vingi. Vikipikwa kama chakula, viendelee. Nyanya anayempikia mzazi na kumpumzisha siku 40 anafanya kazi kubwa ya afya.

Lakini kukandwa tumbo kwa maji moto kusifanywe kwa mama aliyepasuliwa. Joto na mkandamizo huweza kuunguza ngozi na kufungua mishono. Majani yaliyotwangwa, majivu, dawa ya meno na mafuta visiwekwe kwenye kidonda. Asali inayotumiwa hospitalini kwa vidonda husafishwa kwa njia maalumu. Ya jikoni haijasafishwa hivyo. Na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asirambishwe asali hata kidogo, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua.

Kabla ya kununua chupa

Dawa za mitishamba zinazouzwa nchini zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe ya mwisho ya matumizi isinunuliwe. Katika nchi mbalimbali, dawa zinazoitwa za asili zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, zikiwemo steroidi, ambazo huchelewesha kidonda kupona.

Hata kitu cha asili kina nguvu zake. Vidonge vya kitunguu saumu huweza kuongeza kutokwa na damu, hasa kwa mama anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Uwatu kwa wingi huweza kushusha sukari kwa mwenye kisukari. Kwa hiyo muuguzi aambiwe kila kitu ambacho mama anakunywa, bila aibu.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki ni virutubisho vilivyopimwa. Pale ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo kubwa, Shirika la Afya Duniani linashauri vitumike kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Visiachwe kabatini kwa sababu jirani ana unga mwingine.

Dalili zisizosubiri

Hatari kubwa ya chupa ya mchuuzi si hasara ya pesa. Ni siku zinazopotea mama akingoja ifanye kazi huku vijidudu vikienea mwilini. Maambukizi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama duniani. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mama apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo akiwa na homa au baridi ya kutetemeka, kidonda chekundu kinachozidi kuvimba au kuuma, usaha, harufu mbaya, mishono iliyofunguka, au uchafu wenye harufu ukeni. Apelekwe mara moja pia akitokwa na damu nyingi, akiumwa na kichwa sana au kuona ukungu, akivimba mguu mmoja, au akishindwa kupumua vizuri.

Hata asipokuwa na dalili, arudi kliniki kati ya wiki ya 1 na ya 2, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6, akiwa na kitabu cha afya ya mama na mtoto. Baba ndiye wa kubeba maji, kuhakikisha sahani ina protini na tunda, na kuweka nauli ya dharura. Mhamasishaji wa afya ya jamii akibisha hodi, aonyeshwe kidonda. Kidonda kikavu, safi na kisichouma zaidi ya jana ndicho kinachopona.