Kigae Chenye Matundu Mawili

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mlioacha chai shambani mkaja, nanyi wahitimu wetu wa kidato cha nne:

Sitawachosha. Harufu ya pilau hata mimi imenifikia.

Kigae hiki nimekitoboa jana. Tundu la kwanza nilitumia drili kavu kavu: tazameni lilivyomeguka, na ufa umekimbia mpaka kwenye kona. La pili, kijana wangu alinidondoshea maji kwa chupa iliyotobolewa kizibo. Limetoka safi. Fundi yeyote wa vigae pale Korogwe mjini anaijua siri hiyo.

Kauri za viwandani ni ngumu kuliko hiki. Nyingine hutobolewa kwa mwanga wa leza. Leza ya kwanza aliiwasha Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960, kwa kipande cha rubi ya kutengenezwa. Na rubi ni nini? Oksidi ya alumini yenye kromiamu kidogo. Oksidi hiyohiyo ndiyo kauri inayotumika sana viwandani, nayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Wenzetu wa Kalalani, wilaya hii hii, wanachimba vito vya ukoo huo. Jiwe lilizaa mwanga, mwanga ukarudi kumtoboa ndugu yake!

Lakini leza ikipiga pakavu, uji wa kauri iliyoyeyuka huganda tunduni, na joto lililorundikana mahali pamoja huleta nyufa. Ukipitisha maji juu ya kauri, joto linaondoka nayo, na mapovu yanayopasuka yanasukuma uchafu nje. Maji yakiwa mengi mno, mapovu na mvuke vinatawanya mwanga, kazi inaharibika. Tena si kila leza inafaa: mwanga wa kijani hupenya majini vizuri, ule wa infraredi maji huunywa.

Mwaka 1993, huko Uswisi, Bernold Richerzhagen aliupitisha mwanga ndani ya mchirizi wa maji mwembamba kama unywele, ukidundadunda kwenye kingo zake bila kutoka. Ndiko kule kuakisika kwa ndani mlikokariri kwenye fizikia. Mimi nami nilikariri, nikapata alama zangu, nisijue kunafanya kazi gani.

Haya, kipokezaneni kigae hiki, mpitishe kidole kwenye matundu yote mawili. Wa mwisho akirudishe mezani, maana ni cha bafu la shemeji yangu, naye anakisubiri.