Tubadilishe Diski Kabla ya Kununua Laptopu Mpya

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Mkongani, Kwale)



Nimeombwa niseme juu ya laptopu za vikundi zilizozeeka. Malalamiko ni yale yale: unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi, bado haijawa tayari. Halafu mtu anasimama mkutanoni, "Tununue mpya." Mimi naomba, kabla ya kugusa pesa za wanachama, tuitazame kwanza hii ya zamani.

Mara nyingi kilichochoka si mashine nzima. Ni diski, yaani lile ghala la barua na hesabu zenu. Katika laptopu za zamani diski ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unakimbia juu yake kutafuta maandishi. Wazee mnaikumbuka santuri na sindano yake? Ni jambo la namna hiyo, ila mkono huu haugusi sahani. Ukigusa, sahani inakwaruzika na maandishi yanapotea. Sasa fikirini laptopu ambayo haikuzimwa, imepakiwa kwenye bodaboda kutoka hapa mpaka Kwale mjini!

Diski ya siku hizi inaitwa SSD. Haina sahani wala mkono. Maandishi hukaa ndani ya vipande vya elektroniki, kama kwenye flashi. Ile ya zamani husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida hufika 500. Lakini faida kubwa iko kwenye kutafuta. Kompyuta ikiwaka huokota vitu vidogo maelfu kutoka kila pembe, na ule mkono ndio uliokuwa unatuchelewesha.

Msidanganywe kwamba inaponya kila kitu. Betri iliyokufa itabaki imekufa, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 itaendelea kusumbua. Tena kuna laptopu nyembamba za bei rahisi ambazo ghala lake limechomelewa ndani, halitoki. Muulizeni fundi kabla ya kulipa.

Basi kazi ya kwanza si bisibisi. Ni nakala. Orodha ya wanachama, hisa, mikopo, kumbukumbu za mikutano: vyote vitolewe, viwekwe mahali pawili, kwa viongozi wawili tofauti. Kama diski inalia ka-ka-ka, msiiwashe-washe kujaribu. Kila mara mnaweza kuwa mnapoteza kilichobaki. Hesabu za mikopo zikipotea, nani atasema fulani amebakisha kiasi gani? Hapo jirani na jirani watakosana kwa shilingi mia tano.

Kwenda kununua, Ukunda au Mombasa, chukueni diski ya zamani mkononi. Nyingi ni za inchi 2.5 zenye muunganisho wa SATA. Nyingine ni kipande chembamba kiitwacho M.2, na haziingiliani. Gigabaiti 240 au 256 zinatosha kazi ya kikundi. Ukiona SSD ya terabaiti nyingi kwa bei ya kitoweo, iache. Daini risiti na dhamana.

Siku ya kubadilisha, zimeni mashine kabisa, si kufunga kifuniko tu. Toeni chaja, na betri kama inatoka. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo kwa programu ya bure kama Clonezilla, ila hiyo kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Mimi napendelea kuanza upya, hasa mashine ikiwa imejaa virusi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11. Linux Mint pamoja na LibreOffice ni bure, na majedwali yenu ya Excel yatafunguka.

Sasa ile diski iliyotoka. Msimwachie fundi, msiiuze. Ina nambari za vitambulisho na za simu za wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka tuzilinde. Kufuta faili si kuziondoa. Mjuzi anaweza kuzirudisha. Kama bado ni nzima, itieni kwenye kasha la USB iwe ya kuwekea nakala, maana hata SSD hufa, na mara nyingi hufa ghafla bila kulia. Kama ni mbovu, toboeni sahani zake kwa msumari.

Na kabla fundi hajaondoka, mweka hazina afungue daftari la mikopo kwenye mashine, alinganishe jumla na ile ya kitabu cha karatasi. Zikilingana, ndipo alipwe.