Kitabu Kimoja au Mfululizo?

Mazungumzo kwa vijana wa Kaptagat wenye nia ya kutunga hadithi



Swali tulilopewa ni hili: mtu mwenye hadithi ndefu kichwani aitunge iwe kitabu kimoja, au aigawe katika vitabu vitatu vinne vinavyofuatana? Mimi nasema aanze na kimoja, nacho kiwe kamili.

Tumtazame Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Aliyeinunua alipata mauaji, mashaka na ufumbuzi, vyote ndani ya jalada moja, hakuambiwa angoje. Na angalingoja sana, maana kitabu cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968! Vingine vilifuata, lakini kila kimoja chasomeka peke yake. Arudiye ni mpelelezi, wala si fumbo lililoachwa wazi.

Mfululizo nao una deni lake. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimchoka Sherlock Holmes hata akamwua mwaka 1893. Wasomaji hawakuridhika, na mwaka 1903 akamrudisha hai.

Hapa Kaptagat, penye wakimbiaji, sina haja ya kueleza mengi. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia mwaka 2013.

Basi tuseme mtu ataka kuandika habari za vizazi vitatu: babu aliyekuwa skwota katika shamba la mlowezi, baba aliyepata ardhi baada ya Uhuru wa mwaka 1963, na mjukuu mkimbiaji. Je, ni vitabu vitatu? Ajiulize kama habari ya babu ina mwisho wake yenyewe. Ikiwa babu ana shauri zito la kukata, naye akalikata, na likamgharimu kitu, hicho ni kitabu. Ikiwa kazi yake ni kumzaa baba tu, hiyo ni sura, tena fupi. Yatakayobaki yaandikwe katika daftari jingine, likae sandukuni. Mpiga chapa hataliulizia kabla hajaona kama la kwanza linanunuliwa.