Risala ya Kamati ya Safari: Kibubu cha Lushoto



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho mmeshazisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumepewa nafasi tuseme juu ya ile safari ya siku moja ya Lushoto, ambayo maneno yake hayajaisha mitaani mpaka leo.

Wapo waliosema, "Wanawake hao wanakopeshana ili wakatembee." Jamani, si kweli. Hela ya mfuko haikuguswa hata senti. Mwaka mzima kila mmoja alitia kidogo kidogo kwenye kibubu cha pembeni, na siku ya kukivunja ilitosha gari, chakula na dharura.

Tuliondoka Tanga alfajiri, tukapita Muheza, Segera na Korogwe. Njiani mkonge. Zao hili liliingia nchini mwaka 1893, likiletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida, Marekani, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba. Mwenzetu mmoja akasema, "Kumbe na mkonge ulianza kama sisi!" Gari zima likacheka, lakini ni neno la kweli.

Mombo tukaiacha barabara ya Moshi, tukaanza kupanda. Kutoka pale mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, jabali upande huu, korongo upande ule. Wengine walifumba macho, wengine walinusa limau. Soni tukasimama kutazama maporomoko ya maji.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, wakipanda huko kukimbia joto la pwani. Basi pale walipopumzika mabwana wa zamani, siku ile tulipumzika sisi, na khanga zetu na masweta ya kuazima!

Mchana tulifika Irente. Ukisimama ukingoni unaiona nyika yote chini, na mashamba ya mkonge kama mkeka uliotandikwa. Mama yetu mkubwa kikundini alikaa juu ya jiwe, kimya. Halafu akatuambia kwamba ujana wake uliishia huko chini, kwenye mkonge, na miaka yote hiyo aliutazama mlima huu asiupande hata siku moja. "Niliona ni wa watu wengine," alisema. Hatukuwa na la kumjibu.

Akina mama wenzetu, mwanamke akipata shilingi, kwanza ada, kwanza dawa, kwanza bati la nyumba. Ni sawa, ndivyo tulivyolelewa. Lakini yeye mwenyewe anawekewa akiba na nani? Asipojiwekea, atazeeka akiutazama mlima kwa mbali.

Kwa hiyo tunaomba Mkutano Mkuu uamue mambo mawili. Kwanza, kibubu cha safari kiendelee, mbali kabisa na mfuko wa mikopo. Pili, mwenzetu aliyekwama mwaka huo, kwa ugonjwa au msiba, asiachwe nyumbani kwa sababu hakutia kitu.

Haba na haba hujaza kibaba.