DENI LA NDUGU ALIYEFILISIKA
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama)



Wengi mmetuuliza habari za mtoto wa kaka yetu, yule aliyekuwa na duka la pembejeo mjini. Maneno yamekuwa mengi kisimani na kilabuni. Leo tunayasema wenyewe ili yawe funzo.

Tulimkopesha shilingi 400,000 za pamba. Biashara ikaanguka, wadai wakawa wengi, akaenda Mahakama Kuu mwenyewe, akatangazwa muflisi. Jamani, siku ile kwetu chakula hakikulika.

Kabla ya hapo alikuja usiku na ng'ombe wawili. Akasema, "Baba mdogo, wachukueni hawa, wengine wasijue." Tukawapokea. Hilo lilikuwa kosa letu. Mali ya muflisi ni ya wadai wote. Haifai mmoja alipwe kwa siri wengine wakose, hata akiwa ndugu wa damu. Mfilisi alipopata habari aliwadai ng'ombe wale, tukawarudisha kwa aibu mchana kweupe.

Sasa sikilizeni vizuri.

Kwanza, ukisikia mdeni wako ametangazwa muflisi, usiende kuezua bati zake wala kukamata mbuzi. Peleka dai lako kwa mfilisi kwa maandishi: kiasi, tarehe na ushahidi. Kama hujui pa kuanzia, ulizia ofisi ya RITA, hao hao wa vyeti vya kuzaliwa. Kazi ya ufilisi nayo ni yao.

Pili, usitegemee kupata yote. Mwenye rehani hushika rehani yake. Halafu hutolewa gharama, na madeni yaliyotangulizwa na sheria, kama mishahara na kodi. Kinachobaki hugawanywa kwa kadiri ya deni la kila mtu. Kwa kijana wetu zilibaki milioni 2, madeni yalikuwa milioni 10. Tupige hesabu ya ubaoni: kila shilingi ilipata senti 20. Sisi wa 400,000 tukapata 80,000. Kidogo, lakini halali.

Tatu, usikae kimya kwa kuona haya. Mahakama ikishamwachilia muflisi, madeni mengi ya nyuma hufutika, hata la yule ambaye hakupeleka dai. Na wewe uliyemdhamini, wewe hufutiwi. Watakufuata.

Ndugu, sisi tuliokolewa na karatasi moja. Siku ya kutoa fedha tuliandika hati kwa mkono huu uliofundishwa darasa la watu wazima. Kijana akatia sahihi, na mashahidi wawili. Shemeji wakacheka, eti tunamwandikisha mtoto wetu kama mgeni. Dada yetu yeye alitoa 300,000 kwa mdomo tu. Kijana hakumtaja kwenye orodha ya wadai, na mama wa watu hakuwa na cha kuonyesha. Alitoka mikono mitupu, na hadi leo hawasalimiani.

Kumwandikisha ndugu si kumtukana, ni kuulinda undugu. Asiyejua kuandika hati aje darasani Jumatano jioni, tutaandika pamoja. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.