Boksi la Besi: Tununue au Tujenge?



Nimeombwa niseme juu ya fedha za jubilii zilizotengwa kwa spika ya besi. Wapo wanaotaka tulete kutoka Mombasa maboksi mawili ya inchi 18 yaliyokwisha kutumika. Mimi naomba tujenge moja la inchi 15 hapa hapa Garsen.

Uzi mnene wa gitaa la besi, sawa na ule wa dabo besi ya wenzetu wa taarabu Zanzibar, hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Spika ikiwa wazi, hewa ya mbele huzunguka ukingo ikaziba pengo la nyuma, na besi inakufa. Kazi ya boksi ni kuzitenga hizo mbili. Boksi lenye ufa, liwe la bei gani, si boksi.

Liko boksi lenye tundu. Hilo hutoa besi nyingi kwa umeme kidogo, lakini tundu lazima lipimwe kulingana na spika yenyewe; Neville Thiele wa Australia alionyesha hesabu zake mwaka 1961. Likikatwa kwa kukisia, noti moja hunguruma na nyingine hupotea. Boksi lililozibwa halina makeke. Besi yake ni kavu, kila noti inasikika mahali pake, na kwa kwaya nachagua hilo. Ndani likiwa sentimita 60 kwa 45 kwa 40, hizo ni lita 108. Hata hivyo fundi asishike msumeno kabla hatujasoma karatasi ya spika tutakayonunua.

Chipibodi sitaki kuiona. Mafuriko ya 2018 na 2023 hatujayasahau, na chipibodi ikinywa maji huvimba ikamomonyoka kama mkate kwenye chai. Tutumie plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu kila ukingo, upau ndani ili mbavu zisitetemeke, na miguu ya kuliinua kutoka sakafuni. Watu wa mitumbwi hawahitaji kufundishwa maana ya kuziba.

Hayo maboksi mawili nayo: yakiwa ya omu 8 kila moja na kuungwa sambamba, amplifaya huona omu 4. Isipokuwa imeundwa kwa mzigo huo, itachemka, na joto la Garsen mnalijua.

Wageni wakija na dabo besi, tukumbuke mwili wake ni mti wenye uwazi ndani. Hudaka sauti ya spika ukaanza kuvuma wenyewe. Boksi likae mbele ya mpigaji, mbali na kona, maana kona huongeza mngurumo.

Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akibembeleza mtoto. Sidhani mtoto yule angelala karibu na inchi 18 mbili.

Kamati ikikubali, boksi likiisha tutalijaribu Jumamosi kabla ya mazoezi. Naomba akina mama wanaokaa mbele siku hiyo wakae nyuma kabisa, karibu na mlango, watuambie kama maneno ya sauti ya kwanza yanafika.